Kasi pekee haitoshi: Ya kuzingatia unapochagua intaneti ya faiba nyumbani

Na MWANDISHI WETU

MABANGO ya kampuni zinazouza intaneti ya nyumbani hutaja tarakimu moja tu, nayo ni idadi ya megabiti kwa sekunde. Mteja huilinganisha tarakimu hiyo na bei, akalipa ada ya mwezi wa kwanza, kisha akashangaa anapokuta sauti ikikatika katikati ya mkutano wa video ilhali kasi anayoilipia ipo.

Kwa familia nyingi humu nchini, suala hili limekoma kuwa la burudani. Wapo vijana wanaochuma riziki kwa kupokea simu za wateja walio ng'ambo, walimu wanaofunza kwa njia ya video na wanafunzi wa vyuo vikuu wanaofanyia mitihani mtandaoni. Kwao, sauti inayokatika ni ujira uliopotea au mtihani wa kurudiwa.

Yafuatayo ni mambo ambayo mteja anafaa kuyachunguza kabla ya kumruhusu fundi kutoboa ukuta.

Kasi na ukawiaji

Kasi ni kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde moja. Hupimwa kwa megabiti wala si kwa megabaiti, na wengi huchanganya vipimo hivi viwili. Baiti moja ina biti nane. Kwa hivyo, laini ya megabiti 40 hupakua megabaiti 5 kwa sekunde, na filamu ya gigabaiti 2 huchukua takriban dakika saba.

Ukawiaji ni muda ambao ujumbe mdogo hutumia kusafiri kutoka kwenye tarakilishi yako hadi kwenye seva na kurudi. Hupimwa kwa milisekunde, na kila sekunde ina milisekunde 1,000.

Mambo haya mawili hayaendi sambamba. Upanuzi wa Barabara Kuu ya Thika uliwezesha magari mengi zaidi kupita kwa wakati mmoja, lakini haukuusogeza mji wa Thika karibu na Nairobi. Vivyo hivyo, anayenunua megabiti 100 badala ya 20 amepanua barabara tu; masafa yamebaki yale yale.

Anayetazama filamu huhitaji kasi. Anayezungumza kwa video, anayecheza michezo ya mtandaoni dhidi ya wenzake au anayefanya kazi kwenye tarakilishi iliyo mbali huhitaji ukawiaji mdogo. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) hupendekeza kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kwa msemaji hadi kwa msikilizaji ili mazungumzo yaendelee bila bughudha.

Lipo jambo la tatu, nalo ni uthabiti. Ukawiaji wa milisekunde 80 usiobadilika huvumilika kuliko ule unaoruka kutoka 20 hadi 200 kila baada ya muda mfupi, kwa kuwa programu za mazungumzo hushindwa kuupangia.

Umbali hauna hila

Nuru husafiri ndani ya faiba kwa mwendo wa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka. Kwa hesabu hiyo, safari ya kwenda na kurudi haiwezi kuchukua chini ya milisekunde 68.

Hata hivyo, mikonga haifuati mstari ulionyooka. Data hushuka Mombasa, ikapita Bahari ya Shamu na kuvuka Misri kabla ya kufika Ulaya. Ndiyo maana ukawiaji wa kutoka Nairobi hadi London aghalabu hupita milisekunde 100. Johannesburg, iliyo umbali wa kama kilomita 2,900, ina kiwango cha chini cha milisekunde 29. Hakuna kampuni inayoweza kuuza chini ya viwango hivi, hata ingetoza ada maradufu.

Hali hii ni nafuu kubwa ikilinganishwa na ya awali. Hadi mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta, na ujumbe mmoja ulihitaji takriban nusu sekunde kwenda na kurudi. Mikonga ya SEACOM na TEAMS ilipowasili Mombasa mwaka huo, ikafuatwa na EASSy mwaka wa 2010 na LION2 mwaka wa 2012, hesabu hiyo ilibadilika kabisa.

Lakini mikonga hukatika. Mnamo Februari 2024, mikonga kadhaa iliharibika katika Bahari ya Shamu, ukiwemo wa SEACOM. Mnamo Mei 12 mwaka huo huo, EASSy na SEACOM zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na wateja nchini Kenya, Tanzania na kwingineko wakakumbwa na intaneti ya kujikokota.

Swali la kuuliza, basi, ni hili: kampuni inatumia mikonga mingapi ya baharini, na mmoja ukikatika data itapitia wapi? Iwapo wakala hana jibu, aulizwe msimamizi wake.

Data iliyo karibu

Si kila kitu hutoka ng'ambo. Kituo cha kubadilishana data cha KIXP kilianzishwa jijini Nairobi mwaka wa 2000, kikafungwa kwa muda kufuatia malalamishi ya Telkom Kenya kwa Tume ya Mawasiliano (CCK), kisha kikafunguliwa tena mwaka wa 2002. Kabla yake, barua pepe kutoka nyumba moja jijini hadi nyumba jirani ingeweza kuzunguka hadi ng'ambo kwa setilaiti endapo wahusika walikuwa wateja wa kampuni tofauti.

Leo, kampuni kubwa za video na mitandao ya kijamii huhifadhi nakala za data zao humu nchini. Kampuni ya intaneti iliyounganishwa vyema na vituo hivyo humfikishia mteja video ndani ya milisekunde chache. Ndiyo sababu kipimo cha kasi kinachotumia seva ya Nairobi kinaweza kupendeza mno ilhali kazi yako iliyo kwenye seva ya Ulaya inakwama. Pima ukielekea kule unakofanyia kazi.

Majirani na saa za jioni

Faiba nyingi za nyumbani hutumia mfumo uitwao GPON. Katika mfumo huu, mkonga mmoja wenye uwezo wa takriban gigabiti 2.5 za kupakua na gigabiti 1.25 za kupakia hugawanywa kwa nyumba 32 au hata 64. Mgawanyo huu si kosa, kwa kuwa ni nadra watu wote kuitumia laini kikamilifu kwa wakati mmoja. Tatizo huanza kampuni inaposajili wateja wengi bila kuongeza uwezo wa mitambo inayouunganisha mtaa na jiji.

Hapa, jirani ni shahidi bora kuliko bango. Muombe mpangaji anayetumia kampuni unayoitaka akuruhusu kupima kati ya saa mbili na saa nne usiku, wakati watu wengi wako nyumbani. Kampuni iliyo bora katika mtaa mmoja wa Nairobi inaweza kuwa duni katika mtaa mwingine wa Mombasa au Nakuru, ama hata barabara ya pili.

Upimaji wenyewe ni rahisi. Katika tarakilishi ya Windows, fungua dirisha la amri, uandike ping -n 100 na kufuatiwa na anwani ya seva unayoitumia. Majibu yakikamilika, tazama wastani, kiwango cha juu zaidi na idadi ya vifurushi vilivyopotea. Iwapo wastani ni 15 lakini kiwango cha juu ni 400, laini hiyo haina uthabiti.

Rudia kipimo hicho huku mtu mwingine nyumbani akipakua faili kubwa. Ukawiaji ukipanda kutoka 15 hadi 300, data inapanga foleni ndani ya vifaa kabla ya kutoka. Dawa yake ni ruta yenye uwezo wa kusimamia foleni, kwa mfano kwa mbinu ya fq_codel au CAKE, ikiwekewa kikomo kilicho chini kidogo ya kasi ya laini, kama asilimia 90. Marekebisho haya huwafaa wengi kuliko kununua kifurushi ghali zaidi.

Vilevile, usiilaumu kampuni kwa makosa ya Wi-Fi. Katika majengo ya ghorofa, masafa ya 2.4 GHz hujaa mawimbi ya ruta za majirani. Tumia 5 GHz ukiwa karibu na ruta, na kwa tarakilishi ya kazi tandaza waya.

Mkataba na haki

Kampuni zinazotoa huduma hii ni kadhaa, zikiwemo Safaricom, Zuku na Jamii Telecommunications inayouza kwa jina Faiba. Hata hivyo, wapangaji wengi hawana uteuzi kwa kuwa mwenye nyumba ameruhusu kampuni moja pekee kuingiza nyaya. Uliza jambo hili kabla ya kulipa kodi ya kwanza ya nyumba.

Pasipo na faiba, yapo mawimbi ya 5G na pia setilaiti za Starlink, zilizoanza kuuza huduma nchini Julai 2023. Hizi huzunguka katika umbali wa kama kilomita 550, hivyo ukawiaji wake ni mdogo mno kuliko wa setilaiti za zamani, ingawa huyumba zaidi ya faiba.

Kabla ya kulipa, pata majibu kwa maandishi: Je, kasi ya kupakia ni sawa na ya kupakua? Kuna kiwango cha matumizi ambacho ukikipita kasi hupunguzwa? Utapewa anwani ya IP ya umma, au utachangia na wateja wengine? Anayetaka kutazama kamera za usalama akiwa mbali anaweza kukwama asipopata anwani yake. Ruta ni mali ya nani? Laini ikikatika, itarekebishwa baada ya muda gani, na siku zilizopotea zitafidiwa? Mitambo ya mtaani ina umeme wa akiba stima inapopotea? Nyumbani, betri ndogo ya kuendesha ruta na kifaa cha faiba hutosha.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata huduma za ubora unaofaa, na pia habari za kumwezesha kunufaika kikamilifu na huduma hizo. Ukikosa huduma uliyolipia, wasilisha malalamishi kwa kampuni kwanza na udai nambari ya malalamishi hayo. Weka rekodi ya vipimo vyako, tarehe na saa. Usiporidhika, peleka rekodi hiyo kwa Mamlaka ya Mawasiliano Kenya (CA), iliyochukua nafasi ya CCK.

Kwa anayetegemea intaneti kwa riziki, megabiti 20 zisizoyumba zina thamani kuliko 100 zinazozima kila jioni. Anza na kifurushi kidogo, upime kwa mwezi mzima, kisha ndipo upande.