UZI: Juisi ya matufaha, Marekani na China, na lile neno "kutumwagia bidhaa"

Kila mdahalo wa uchumi hapa kwetu lazima mtu aseme wageni wanatumwagia bidhaa. Mayai, sukari, maziwa, juisi. Ukumbi unapiga makofi, msimamizi anaruka kwa swali lingine. Mimi nasomea sayansi ya siasa, na kesi iliyonionyesha uzito wa hilo neno ni ya juisi ya matufaha kutoka China. Kaeni nami kidogo.

Kwanza maana, manake hapa ndipo watu huteleza. Bei rahisi peke yake si kosa. Kisheria, kumwaga bidhaa ni kuuza nje kwa bei ya chini kuliko ile unayouzia watu wako nyumbani, au chini ya gharama ya kuitengeneza. Canada ilitunga sheria ya kwanza ya jambo hili 1904. Kanuni za WTO za 1995 zinataka uthibitishe kwamba bidhaa inamwagwa, kwamba wazalishaji wako wameumia, na kwamba kilichowaumiza ni huko kumwagwa, si ukame wala mashine zilizozeeka. Tofauti ya bei ikiwa chini ya asilimia 2, kesi inafungwa.

Sasa China. Kwenye miaka ya 1990 ilikuwa imepanda matufaha mengi hadi ikawa ya kwanza duniani, na viwanda vya juisi vikafuata. Ile juisi nzito iliyotolewa maji ikaanza kuingia Marekani kwa wingi, na bei ikashuka vibaya. Mkulima wa Washington au Michigan huuza tunda zuri sokoni, lile lenye kovu huenda kiwandani. Hilo lenye kovu ndilo liliporomoka. Kwa mwenye shamba dogo hiyo si hela ya ziada, ndiyo inalipa wachumaji.

Juni 1999 wazalishaji wakapeleka malalamiko. Marekani kazi hii inagawanywa: Wizara ya Biashara inahesabu kama bidhaa imemwagwa na kwa kiasi gani, halafu tume nyingine inaamua kama kuna madhara. Pande zote mbili zikasema ndiyo, na katikati ya 2000 ushuru ukawekwa. Kampuni za China ambazo hazikujibu maswali ya wachunguzi zikapigwa asilimia 51.74. Zilizojibu zikapewa viwango vya chini zaidi.

Lakini hesabu yenyewe ilifanywa vipi? Hapa ndipo pananivutia kuliko popote. Marekani iliichukulia China kama nchi ambayo bei zake haziongozwi na soko, kwa hivyo bei ya tufaha la China haikutumika kabisa. Wakaazima bei ya India. Yaani unashtakiwa kwa bei ya jirani ambaye hata hamuuzi duka moja! Kampuni kadhaa za China zikaenda mahakamani New York zikisema hata hiyo bei ya India ilikuwa imeshikiliwa na mpango wa serikali. Mahakama ikarudisha hesabu wizarani, na wizara ikahamia bei ya Uturuki. Kufikia 2004 baadhi ya kampuni zilikuwa na ushuru wa sifuri, nyingine asilimia 3.83. Matufaha ni yale yale, kilichobadilika ni nchi ya kulinganisha.

Na mkulima? Amri ilidumu hadi 2010, kisha ikaondolewa. Muda huo wote juisi ya China haikuacha kuingia, na wakati amri inaisha sehemu kubwa ya juisi ya matufaha iliyonywewa Marekani ilikuwa inatoka huko. Wapakiaji wa juisi wa Marekani wenyewe waliitaka hiyo bei. Mimi sisemi ushuru ulikuwa bure. Ulinunua muda. Ila aliyefaidi zaidi, kwa maoni yangu, ni yule aliyekuwa na wakili na vitabu vya hesabu vilivyonyooka, awe wa upande gani.

Turudi nyumbani. Kenya ina sheria yake tangu 2017, iliyounda shirika la kuchunguza malalamiko ya aina hii. Chini ya kanuni za WTO, wanaounga mkono malalamiko lazima wawe na angalau asilimia 25 ya uzalishaji wa bidhaa hiyo nchini, na uchunguzi usipite miezi 18. Sasa chukua mkulima wa maembe wa Makueni, anayeuzia broka shambani, hela mkononi, bila risiti. Maumivu yake ni ya kweli kabisa. Lakini kwenye faili mlalamishi ni kiwanda cha juisi, na kiwanda hicho hicho kikipata juisi nzito ya bei rahisi kutoka nje kinaweza kuichanganya na ya hapa kikanyamaza. Mwanasiasa akisema "tutawazuia", mimi humuuliza atamlinda nani kati ya hao wawili.