Muhuri Uko Mkononi Mwako

Mwaka ni 1982. Umekaa kwenye kibanda cha uhamiaji mpakani, mji wa Grestin, nchi ya Arstotzka. Usiitafute kwenye ramani, haipo. Nje kuna foleni isiyoisha. Mwanamume anakaribia dirisha, karatasi zake ziko sawa, unampigia muhuri wa kijani. Kabla hajaondoka anakuomba neno moja: mke wangu yuko nyuma yangu, tafadhali mtendee wema. Mke anafika. Pasipoti anayo, kibali cha kuingia hana. Anakwambia walimnyima, na akirudishwa kwao atauawa. Mezani una mihuri miwili. Nyumbani una mke, mtoto, mama mkwe na mjomba, na kodi ya nyumba inakungoja jioni. Sasa?

Hii ni Papers, Please, gemu iliyotoka Agosti 2013. Aliyeitengeneza ni mtu mmoja, Lucas Pope, Mmarekani aliyekuwa akiishi Japani baada ya kuacha kazi kwenye studio kubwa. Wazo lilimjia katika safari zake, akipita mbele ya maafisa wa uhamiaji na kuwatazama wakifanya kazi yao. Picha zake ni za rangi zilizofifia, nyuso zimechorwa kwa doti kubwakubwa, na muda mwingi unasoma tarehe na kulinganisha namba. Ukimsimulia mtu hivyo atakuuliza, kwani hiyo si kazi ya ofisi? Lakini waliofika mwisho wake bado wanaizungumzia, huku gemu nyingi za mamilioni ya dola za mwaka uo huo zikiwa zimesahaulika. Kwa nini?

Turudi nyuma kidogo. Mashine za gemu za miaka ya 1970 na 1980 zilikula sarafu, kwa hivyo zilibuniwa ili upoteze haraka na uongeze nyingine. Vibanda vya PS mtaani vina hesabu hiyo hiyo: unalipia mechi, mechi ikiisha unaingiza mkono mfukoni tena. Gemu kubwa ya leo nayo haitaki uimalize. Ina misimu, ina mavazi mapya ya kununua, ina zawadi ya kukurudisha kesho. Biashara ni kukushika. Mwisho wa hadithi ni hasara kwa mwenye duka.

Ndiyo maana Desemba 2004 ni tarehe ya kukumbukwa. Mjapani anayeitwa Daisuke Amaya, maarufu kama Pixel, aliachia Cave Story kwenye intaneti, bure kabisa. Alikuwa ameijenga kwa miaka mitano katika muda wake wa ziada: programu, michoro, muziki na hadithi, vyote mwenyewe. Hakuwa na bidhaa ya kuuza, kwa hivyo hakuwa na sababu ya kukushika. Alikuwa na kitu cha kukuonyesha. Katikati ya safari unapigana bega kwa bega na roboti wa kike, Curly. Bosi akishaanguka, maji yanafurika chumbani, na Curly anakupa tangi lake la hewa ili wewe upone. Wachezaji wengi hudhani hapo hakuna la kufanya. Baadaye ndipo hugundua kwamba kuna njia ya kumwokoa, na kwamba uamuzi mdogo waliofanya mapema, bila kujua uzito wake, ndio uliowafungia njia hiyo. Manze, hiyo inauma. Unaanza upya gemu nzima kwa ajili ya mhusika wa doti chache.

Miaka minne baadaye njia ya soko ilikuwa imefunguka. Duka la mtandaoni la Xbox liliwezesha mtu kuuza gemu bila diski wala boksi, na mwaka 2008 Jonathan Blow akaleta Braid. Unamfukuzia binti mfalme, ukirudisha muda nyuma kila unapokosea. Mwisho wake muda unageuzwa, na unaona tukio lile lile upya: binti alikuwa akikukimbia wewe. Adui uliyekuwa ukimtafuta alikuwa ameshika kitufe muda wote.

Hapo ndipo naona jibu linaanza. Filamu ingeweza kukuonyesha kibanda cha Grestin, nawe ungemlaani afisa na kwenda kulala. Gemu inakuweka kwenye kiti chake na kukupa mshahara: krediti tano kwa kila mtu uliyemhudumia sawasawa. Kanuni zenyewe ndizo zinazosimulia. Ukiwa mwangalifu sana unahudumia wachache, na nyumbani wanalala na baridi. Ukiharakisha unakosea, na karatasi ya onyo inachapwa mezani pako.

Mkenya hahitaji kuelezwa uzito wa karatasi. Babu zetu walivaa kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma kwa amri ya serikali ya kikoloni. Baada ya uhuru, kwa miaka mingi, vijana Wanubi wa Kibra na Wasomali wa Garissa walipigwa msasa kabla ya kupewa kitambulisho ambacho jirani yao alikipata bila maswali. Sisi tunaijua foleni. Pope anatupeleka upande wa pili wa dirisha, na ajabu ni jinsi unavyozoea upesi.

Miaka miwili baada ya hapo, Septemba 2015, Toby Fox alitoa Undertale. Aliomba mchango wa dola 5,000 mtandaoni na akapata zaidi ya 51,000, bado kiasi kidogo sana kwa ulimwengu wa gemu. Humo unaweza kupita hadi mwisho bila kumuua yeyote. Mapema kabisa unakutana na Toriel, anayekupokea kama mama na kukuokea pai. Wengi humuua kwa mazoea ya gemu nyingine, wanajuta, wanarudi pale walipohifadhi na kumwacha hai. Kisha ua moja lenye uso linakwambia linajua ulichofanya. Ulidhani kurudi nyuma kunafuta. Gemu imekumbuka.

Udogo peke yake haukumbukwi na mtu. Kuna gemu chungu nzima zenye doti, piano ya huzuni na mtoto aliyepotea, na hazijaacha alama. Waliiga sura. Kilichokuwa cha thamani kwa Amaya, Blow, Pope na Fox ni kwamba kila mmoja alichagua tendo moja, akalipa matokeo, na akathubutu kuweka mwisho ambapo matokeo hayo yanakungoja. Unaimaliza gemu kama hiyo kwa sababu kuna hesabu umefungua, na unataka kujua inafungwaje. Na nyingi ya gemu hizi zinacheza kwenye laptopu ya mtumba bila shida, kwa hivyo kisingizio cha mashine hakipo.

Turudi Grestin. Mara ya kwanza nilimpigia yule mama muhuri mwekundu. Nilifikiria kodi, nikafikiria mtoto, nikasema pole moyoni na kuita mwingine. Nikalipwa krediti zangu tano. Baada ya kumaliza gemu ndipo nilipokaa na kanuni moja niliyokuwa nimeiona tangu mwanzo: makosa mawili ya kwanza ya kila siku hayatozwi faini. Ni onyo tu. Siku ile sikuwa nimekosea hata mara moja.

Kumruhusu apite kungenigharimu karatasi moja ya onyo.