Dirisha Lilivyopata Mwenyeji

Aprili 2025, Revit, programu inayotegemewa na wasanifu majengo katika nchi nyingi, ilitimiza miaka 25 tangu toleo lake la kwanza litoke tarehe 5 Aprili 2000. Wengi huisifu kwa picha zake za majengo yanayong'aa. Kinachostahili sifa zaidi ni jambo dogo: dirisha kujua liko kwenye ukuta gani.

Zamani, dirisha kwenye kompyuta lilikuwa mistari mitupu. Ukisogeza ukuta, dirisha linabaki pale pale, nawe unaanza kulirekebisha kwenye ramani, kwenye mkato, kwenye sura ya mbele na kwenye jedwali la madirisha. Ukisahau mahali pamoja, fundi anakuja kubomoa saiti.

Chuck Eastman, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, aliliona tatizo hilo mapema. Katika makala yake ya 1975 alieleza mfumo unaohifadhi jengo kama mkusanyiko wa vitu, ambamo badiliko hufanywa mara moja na michoro yote ikafuata. Mwaka 1982 mwanafizikia Gábor Bojár alianzisha Graphisoft jijini Budapest, Hungaria ikiwa bado chini ya ukomunisti, na huko ndiko programu ya usanifu ya ArchiCAD ilikozaliwa. Mwaka 1997 Leonid Raiz na Irwin Jungreis, waliotokea kwenye programu za kusanifu mitambo, walianzisha huko Massachusetts, Marekani, kampuni iliyotengeneza Revit. Autodesk, kampuni ya programu za usanifu, iliinunua mwaka 2002 kwa dola milioni 133.

Ndani ya Revit dirisha lina mwenyeji, yaani ukuta linamokaa. Ukilipeleka mahali patupu, programu inakataa kuliweka. Ukilisogeza kwenye ukuta linanasa na kujitobolea tundu lake. Ukuta ukihama linahama nao. Ukuta ukifutwa linafutika nao.

Utii huo ndio uliozaa ugomvi, na ugomvi haujaisha. Mhandisi wa umeme hafanyi kazi ndani ya modeli ya msanifu, yaani faili lenye jengo lake la kidijitali. Huiunganisha na yake. Soketi iliyotengenezwa kwa kudai ukuta haiupokei ukuta wa modeli iliyounganishwa, kwa hiyo mhandisi akatumia zile zinazobandikwa kwenye uso wowote. Naye msanifu, badala ya kuusogeza ukuta, akaufuta na kuchora mwingine palepale. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Kwa programu mwenyeji amekufa, na soketi zote zimebaki yatima. Mhandisi akifungua modeli, anakutana na onyo juu ya onyo. Kuna wahandisi walioapa kutotumia tena vijenzi vyenye mwenyeji, wakawa wanaviweka kwa kimo kutoka sakafuni. Ukuta ukihama kwa haki, soketi hizo zinabaki hewani.

Kila upande una hoja, lakini mzigo wa kwanza ni wa msanifu: ukuta unaobebeshwa vitu vya wengine haufutwi kiholela. IFC, kiwango cha kimataifa cha kubadilishana data za majengo kilichopitishwa na ISO mwaka 2013, kinaupanga vizuri uhusiano wa ukuta na dirisha: ukuta hutobolewa na tundu, na tundu hujazwa na dirisha.

Mwaka 2020 kampuni za wasanifu wa Uingereza ziliiandikia Autodesk barua ya wazi kulalamikia gharama za Revit na maendeleo yake ya kusuasua. Malalamiko hayo ni ya haki, ila hakuna toleo jipya litakaloondoa uzembe wa mchoraji. Vyuo vyetu vimfundishe mwanafunzi kuuliza, kabla ya kuweka kijenzi chochote: mwenyeji wake ni nani, na akiondoka itakuwaje?