Pango lilikuwa nyumba: safari yetu ya Nyero na Mlima Elgon

Shuleni wengi wetu tulifundishwa kwamba watu wa mapangoni ni wale wa zamani kabisa, wa zana za mawe. Kumbe kwenye Mlima Elgon, mashariki ya Uganda, kulikuwa na familia zilizoishi mapangoni na ng'ombe wao wakati babu wa babu zetu wako hai. Tulikodi taksi moja, tukaazima mahema, tukabeba posho na maharage, tukaenda kuona. Hii ndiyo historia tuliyorudi nayo.

Kutoka Kampala tulipita Jinja, Iganga na Mbale, tukaendelea mpaka Kumi. Karibu na mji huo, pale Nyero, kuna miamba mikubwa ya granaiti iliyoegemeana, na chini yake mtu anaweza kujikinga mvua. Ukutani kuna michoro ya rangi nyekundu: duara ndani ya duara, na maumbo marefu ambayo wengine wanasema ni mitumbwi. Leo hapo ni nchi ya Iteso, lakini wao walikuta michoro tayari ipo. Watafiti wengi wanasema waliochora ni wawindaji waliotangulia. Hata hivyo Iteso hawakuidharau. Waliifanya miamba kuwa mahali pa matambiko. Yaani mtu anaweza kufika mahali baada ya wengine na bado akapaheshimu.

Toka Kumi tulirudi kusini, tukapanda mlima upande wa Sipi na Kapchorwa. Sipi kuna maporomoko matatu ya maji. Kubwa linakaribia mita 100, na kandokando kuna mapango. Elgon ni volkano iliyozimika zamani, kwa hiyo mahali pengi mwamba wake ni majivu ya volkano yaliyoshikana, laini kuchimbika, na ndani yake mna chumvi. Wasabiny wa upande huu na ndugu zao Wasabaot wa upande wa Kenya walijua kutumia vyote viwili. Wavamizi wa mifugo wakija, watu na ng'ombe waliingia ndani. Wengine walikaa humo moja kwa moja: mlangoni uzio wa magogo, ndani vibanda na zizi. Na ule udongo wa chumvi walilisha ng'ombe.

Mwaka 1883 Mskoti mmoja, Joseph Thomson, alifika Elgon upande wa Kenya ya leo. Aliona mapango yana watu, akauliza nani aliyachimba. Wenyeji wakamjibu kwamba ni kazi ya Mungu, maana wao na vishoka vyao vidogo wasingeweza. Thomson hakuridhika. Katika kitabu chake cha mwaka 1885 akaandika kwamba lazima ni taifa fulani lenye nguvu na maendeleo lililokuja zamani kutafuta vito au madini, akafikia hata kuwataja Wamisri. Waliokuwa wanaishi humo akawaona kama wapangaji tu.

Jibu lenyewe halihitaji Wamisri. Maji yalianza kazi, halafu wanyama na watu wakaendeleza. Katika pango la Kitum, upande wa Kenya, tembo wanaingia gizani usiku, wanakwangua ukuta kwa pembe zao, wanakula chumvi. Fanya hivyo miaka maelfu na maelfu, pango linakuwa ukumbi.

Sasa, nani aliwatoa watu mapangoni? Upande wa Kenya, serikali ya kikoloni iliwataka washuke uwandani, mahali ambapo wangehesabiwa na kulipa kodi. Upande wa Uganda, msitu wa mlima ulifanywa hifadhi, na Wabenet, ambao ni jamaa wa Wasabiny waliokaa juu kabisa na mifugo yao, wakageuka wavamizi kwenye nchi yao. Mwaka 1983 serikali iliwatengea hekta 6,000. Mwaka 1993 Elgon ikawa Hifadhi ya Taifa, mpaka ukapimwa upya, ikaonekana kwamba ardhi waliyopewa ilizidi kwa hekta 1,500 hivi. Waliokuwa kwenye kile kipande cha ziada wakaambiwa hawana haki. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2005 Mahakama Kuu ikakubali kwamba Wabenet ni wenyeji wa kihistoria wa eneo hilo. Mwaka 2008 wengine walifukuzwa tena.

Sisi tunaoishi Kampala kwa karatasi ya ukimbizi tunaijua hadithi hii. Lakini tofauti moja ilitugusa: hawa hawakuvuka mpaka wowote. Walifukuzwa wakiwa kwao.

Tuna wenzetu kutoka Ituri. Kwao, karibu na Komanda, kuna Mlima Hoyo na mapango yake. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Mbelgiji, Francis Van Noten, alichimba katika pango la Matupi akapata zana ndogo za mawe zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Wengi wetu tuliijua barabara ile ya Beni–Komanda kwa habari ya mauaji tu. Hatukujua kwamba pembeni yake kuna mahali ambapo watu wamejikinga tangu zamani hivyo.

Ukitaka kwenda Elgon, chukua mtu wa pale akuongoze, na umlipe. Pango lenye popo wengi usiingie: mwaka 2008 mtalii alipata homa ya Marburg katika pango la Maramagambo, magharibi ya Uganda, akafariki.

Thomson alikaa siku chache tu, lakini kwa kuwa aliandika, maneno yake yalitangulia ya wenyeji. Kwa hiyo, kabla ya mkutano ujao, kila mmoja amuulize mzee wa nyumbani kwao: vita vikija zamani, watu wa kijiji chetu walijificha wapi, na mahali hapo paliitwaje? Andika jina kwa lugha yenu, kama mzee anavyolitamka. Tutayakusanya yote pamoja.