Siku Saba za Lyatonga

Ukitaja siku saba mbele ya wazee wa jimbo la Vunjo, Kilimanjaro, hawafikirii wiki. Wanamkumbuka Augustino Lyatonga Mrema, mzaliwa wa Kilema mwaka 1944, aliyekabidhiwa Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 1990. Siku saba ndizo alizokuwa akiwapa wahalifu wajisalimishe na watendaji wazembe wajirekebishe.

Ofisi yake Dar es Salaam iligeuka baraza. Mjane aliyenyang'anywa shamba, mke aliyetelekezwa na watoto, kibarua aliyedhulumiwa ujira, wote walipanga foleni. Waziri akawasikiliza mwenyewe na kukata shauri papo hapo. Wanasheria walisema anaingilia kazi ya mahakama, na kwa sheria walikuwa sahihi. Lakini mtu ambaye kesi yake imepigwa kalenda miaka nenda rudi, angeelezwa nini kuhusu mgawanyo wa madaraka akaelewa? Naamini foleni ile ilizisema mahakama zetu zaidi kuliko ilivyomsema Mrema.

Mwaka 1993 Rais Ali Hassan Mwinyi alimfanya Naibu Waziri Mkuu, cheo ambacho hakikuwamo kwenye Katiba. Mwaka uliofuata kikatoweka, naye akapelekwa Wizara ya Kazi. Februari 1995, baada ya kuisema serikali yake bungeni, akaondolewa.

Akahamia chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi akawania urais, na hapo nchi ikaona jambo jipya: watu wakilisukuma gari lake barabarani kwa mikono, injini imezimwa. Mwalimu Nyerere mwenyewe ilibidi apande majukwaani kumnadi mgombea wa CCM, Benjamin Mkapa. Katika uchaguzi wa mwaka huo Mkapa alipata takriban asilimia 62, Mrema karibu 28.

Kura zile zilikuwa zake, hazikuwa za chama. Ugomvi wa ndani ukamtoa NCCR mwaka 1999 akaenda chama cha TLP. Alipowania tena urais mwaka 2000 akapata chini ya asilimia 8, mwaka 2005 haikufika hata 1. Vunjo haikumtupa: ilimrudisha bungeni mwaka 2010, kisha 2015 ikamchagua James Mbatia, wa NCCR ileile.

Mwaka 2016 Rais Magufuli alimteua mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole. Polisi na magereza vilikuwa chini yake miaka ya tisini, wahalifu wakihesabiwa siku. Sasa, akiwa na miaka zaidi ya sabini, kazi yake ikawa kupitia majalada ya wafungwa na kupendekeza nani arudi nyumbani kabla ya kifungo kwisha.