Mlango wa Kubisha: Namna Jamaa Zilivyopata Msaada Kando ya Ziwa Tanganyika



Katika siku hizi za yubile tunahesabu mapadri waliotutumikia, majengo yaliyosimamishwa, na majina ya wabatizwa yaliyoandikwa katika vitabu vya parokia. Ni jambo jema. Mimi nimeombwa kuandika habari nyingine, ambayo haimo sana katika vitabu vile: jamaa iliyopatwa na shida ilikimbilia wapi, na nani aliipokea? Habari hiyo inatuhusu sote, kwa maana hakuna jamaa isiyofikiwa na siku ya kutafuta mlango wa kubisha.

Zamani, kabla ya misioni, mlango ule ulikuwa ukoo. Yatima alikuwa na baba mdogo, mjane alikuwa na ndugu za mume wake, mgonjwa alikuwa na watu wa kumchotea maji. Lakini katika karne ya 19 biashara ya watumwa ilivunja koo nyingi za nchi hii. Watu walikamatwa bara, wakavushwa ziwa kwenda Ujiji, na kutoka huko wakapelekwa pwani. Mtu aliyenyang'anywa ukoo wake hakuwa tena na mlango wo wote.

Mwaka 1883 Kapiteni Storms, Mbelgiji, alijenga boma pale Mpala. Mwaka 1885 mahali pale pakatiwa mikononi mwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie, na mwaka 1887 akafika Kapiteni Joubert, Mfaransa, aliyewalinda watu na wawinda watumwa. Huyu alioa binti wa nchi, akakaa kwetu mpaka kufa kwake mwaka 1927. Mapadri waliwakomboa watumwa, wengi wao watoto, wakawalea na kuwafundisha. Walipokua waliozwa, wakapewa shamba na mahali pa kujenga. Ndivyo vilivyozaliwa vijiji vya Wakristu: watu waliopoteza jamaa walifanywa jamaa mpya. Mwaka 1893 ikaanzishwa misioni ya Baudouinville, yaani Kirungu. Masista nao wakaja, wakapokea mayatima na kuwauguza wagonjwa. Kutoka nchi hiyo alitokea Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka 1917, padri wa kwanza wa Kongo ya nyakati zetu.

Tunawashukuru wazee wale. Lakini anayeandika historia asifiche upande mmoja. Ukuta wa misioni ulilinda, na tena ulitenga. Msaada ulitoka kwa padri na kwa sista, na Mkristu wa kawaida alizoea kupokea kuliko kutoa. Alipoona mwenzake katika shida, alimwambia: "Nenda misioni." Akadhani amemaliza kazi yake.

Baadaye ulifunguliwa mlango wa pili, yaani kampuni. Reli ilipofika Albertville, mji tunaouita leo Kalemie, mwaka 1915, vijana wengi waliacha vijiji, wakaenda kutafuta kazi ya mshahara. Mfanyakazi wa kampuni kubwa alipewa nyumba, posho na dawa, naye mke wake na watoto wake walipata sehemu yao. Lakini mlango ule ulifunguka kwa jina la mume tu. Siku alipokufa au kufukuzwa, mke na watoto walitoka katika nyumba ya kampuni. Tena mlango wenyewe haukudumu. Yalikuja machafuko baada ya uhuru wa 1960, ikaja vita ya 1964. Mwisho wa mwaka 1973 Serikali ilitwaa biashara za wageni na kuzigawanya, na nyingi zilikufa. Baba wengi walibaki bila kazi, na mama wakaanza kulisha nyumba kwa meza ndogo ya sokoni.

Ndipo tunapoona hekima ya maaskofu wetu. Caritas ya Kongo ilizaliwa mwaka 1960. Mwaka 1961 maaskofu wa nchi yote walichagua kuliweka Kanisa juu ya jumuiya hai za Wakristu, ambazo ndugu zetu wa Bukavu huziita mashirika. Mara nyingi tunadhani kwamba jumuiya iliundwa kwa ajili ya sala na michango tu. Tusome tena Matendo ya Mitume, sura ya 6. Manung'uniko yanayosimuliwa pale yalihusu wajane waliosahauliwa katika ugawaji wa kila siku. Chakula kilikuwapo, lakini kuna waliorukwa. Na Mitume hawakujibu kwa kuongeza maneno. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wasimamie kazi hiyo.

Nasi tumewaruka watu. Naomba ruhusa niseme jambo moja la aibu yetu. Katika miaka ya 2016 na 2017 mapigano ndani ya mkoa wetu wa Tanganyika yaliwatoa watu wengi sana katika vijiji vyao. Mama mmoja mjane alikuja kukaa katika avenyu yetu pamoja na watoto wake wanne. Alikwenda katika biro moja. Akaambiwa alete karatasi ya mkubwa wa kartye. Alikwenda kwa mkubwa wa kartye. Akaambiwa arudi juma lijalo. Alipita mbele ya kanisa siku ambayo hapakuwa na mtu. Mtoto wake wa mwisho alishikwa na homa, naye hakujua kwamba kituo cha afya kilikuwa avenyu ya tatu tu kutoka kwake. Sisi wa jumuiya tulijua jina la mama yule siku ya matanga. Tulileta unga, kuni na nyimbo. Mimi katekista niliongoza sala, na moyo wangu ulinihukumu, kwa sababu kila juma nilipita mbele ya mlango wake.

Ndugu, milango ilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kwenda pamoja naye. Hilo ndilo fundisho la historia yetu yote: ukoo ulimjua mtu kwa jina lake, misioni ilikuwa na dawa, kampuni ilikuwa na posho. Leo kazi zimegawanywa katika biro nyingi, na ni jirani tu anayeweza kuziunganisha.

Basi kila mkubwa wa jumuiya aijue milango hii, aifundishe. Kwa mgonjwa na mama mjamzito, kuna kituo cha afya, na wajumbe wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba. Kwa mtoto mchanga, kuna biro ya etasivili: sheria inataka aandikwe kabla ya siku 90 kupita, na asiyeandikwa atasumbuka siku za mbele. Kwa masomo, shule za msingi za Serikali, pamoja na zile zinazosimamiwa na Kanisa, zilitangazwa kuwa za bure tangu mwaka 2019. Tusikubali mtoto abaki nyumbani kwa sababu wazazi hawakuambiwa. Kwa mjane anayetishwa na ndugu za marehemu, sheria ya jamaa ya mwaka 1987 inawataja watoto wa marehemu kuwa warithi wa kwanza, na inampa mjane haki katika nyumba aliyokaa na mume wake. Tume ya Haki na Amani itamwonyesha njia. Kwa mwenye njaa na mkimbizi, kuna Caritas ya parokia, ambayo haina kitu isipokuwa tuitie kitu. Na likelemba za mama zetu zisidharauliwe: siku nyingi zimelipa dawa kabla biro yo yote haijafunguliwa.

Lakini kutaja mlango hakutoshi. Kumwambia mwenye shida "Nenda Caritas" ni kurudia kosa la wazee wetu waliosema "Nenda misioni." Mtu aliyekimbia vita huogopa biro, asiyejua kusoma huogopa karatasi, mjane huogopa kusemwa. Kwa hiyo nashauri, kwa heshima mbele ya Baba Paroko na wakubwa wote, kila jumuiya ichague watu wawili, mwanaume na mwanamke, wenye sifa njema kama wale saba. Kazi yao iwe moja: kumjua kila anayehamia katika avenyu, na kwenda pamoja na mwenye shida mpaka mlango ufunguliwe.

Ziwa letu lilipanda katika miaka ya 2020 na 2021, likapanda tena mwaka 2024, likaingia ndani ya nyumba za watu. Halikuuliza nani Mkristu na nani si Mkristu. Nasi tusiulize.

Yubile za Biblia zilikuwa mwaka wa kumrudisha mtu kwa jamaa yake. Mungu atujalie kwamba katika yubile ijayo atakayeandika habari hizi asiwe na mama wa kumtaja kama nilivyomtaja mimi.

Tumsifu Yesu Kristu.