Mtengano wa Kambi: Istilahi ya Siasa za Marekani na Ufasiri Wake

Istilahi ya Kiingereza ambayo vyombo vya habari vya Kiswahili huifasiri kwa "mgawanyiko wa kisiasa" imejengwa juu ya neno lenye maana ya ncha, kama ncha za dunia au za sumaku, na hutaja hali ambayo watu wamevutwa kuelekea pande mbili zilizo mbali kabisa huku katikati pakibaki patupu. Tafsiri hiyo iliyozoeleka haina kosa la kisarufi, ila ni pana mno, kwa kuwa kila bunge lenye uhai hugawanyika, na lile lisilogawanyika kamwe huwa na maradhi mengine. Istilahi isiyomwezesha msomaji kuitofautisha Seneti ya Marekani ya mwaka 1964 na ile ya mwaka 2009 haijatimiza kazi yake.

Mwaka 1964 muswada wa Sheria ya Haki za Kiraia, uliolenga kupiga marufuku ubaguzi wa rangi kazini na katika maeneo yanayohudumia umma, uliwagawanya wanasiasa wa Marekani vikali, hata wapinzani wake wakauburuta mjadala kwa zaidi ya miezi miwili. Kura ya kufunga mjadala huo, iliyopigwa Juni 10 na kupita kwa 71 dhidi ya 29, iliungwa mkono na Wademokrati 44 pamoja na Warepublikani 27, na ikapingwa na Wademokrati 23 pamoja na Warepublikani 6. Ufa ulikuwa mkubwa, lakini ulipita ndani ya vyama vyenyewe, kwani mpaka kati ya majimbo ya Kusini na yale mengine ulikuwa na nguvu kuliko mpaka wa chama. Desemba 24, 2009, Seneti hiyohiyo ilipopitisha muswada wa bima ya afya wa Rais Barack Obama kwa kura 60 dhidi ya 39, hakuna Mrepublikani hata mmoja aliyeuunga mkono, na ulipofika mbele ya Baraza la Wawakilishi mwezi Machi uliofuata, hali ilikuwa ileile.

Kilichobadilika katikati ya miaka hiyo si wingi wa tofauti, bali mpangilio wake. Wahafidhina wa Kusini walihama polepole kutoka chama cha Democratic kwenda cha Republican, na waliberali wa Kaskazini Mashariki nao wakakihama chama cha Republican, mpaka tofauti za rangi, dini, eneo na maisha ya mjini na shambani, ambazo zamani zilikatana na kupunguzana makali, zikaja kulala juu ya mstari mmoja. Hali hiyo ndiyo inayofaa kuitwa "mtengano wa kambi". "Mtengano" hubeba umbali na pia mwendo wa kuachana. "Kambi" nayo haina tusi ndani yake, kwani Watanzania wamezoea kusikia Kambi Rasmi ya Upinzani Bungeni, na hutaja watu waliokusanyika chini ya bendera moja, jambo ambalo neno "mgawanyiko" halisemi. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1950 kamati ya chama cha kitaaluma cha wanasayansi ya siasa wa Marekani ilitoa ripoti iliyolalamika kwamba vyama viwili vikuu havikuwa na umoja wa ndani wala misimamo iliyo wazi kiasi cha kumpa mpiga kura chaguo la kweli. Dua yao ilikubaliwa kupita walivyoomba.

Wataalamu wenyewe hawakubaliani kuhusu nani hasa ametengana. Morris Fiorina amedai kwamba wananchi wa kawaida hawajahamia nchani, ila wamejipanga upya, kila mmoja katika chama kinacholingana na maoni aliyokuwa nayo, ilhali Alan Abramowitz hushikilia kwamba mtengano umewafikia wapiga kura pia. Kwa hiyo Kiswahili kinahitaji istilahi ya pili, "kujipanga kwa kambi", ili hoja ya Fiorina isipotee katika tafsiri. Ya tatu ni "uhasama wa kambi", inayohusu hisia badala ya sera, na ambayo Shanto Iyengar na wenzake waliipima kwa swali la ndoa: mwaka 1960 ni takriban Wamarekani 5 kati ya 100 waliochukizwa na wazo la mtoto wao kuoa au kuolewa katika chama cha pili, lakini kufikia mwaka 2010 karibu nusu ya Warepublikani na theluthi ya Wademokrati walisema jambo hilo lingewaudhi.

Kinyume cha uhasama huo hakifai kuitwa "kutokubaliana kwa kiraia", tafsiri inayolichanganya neno la adabu na lile la uraia. "Kutofautiana kwa staha" ni bora, maana staha ni heshima inayoonekana katika maneno na mwenendo, hata pale ambapo moyo haujaridhika. Staha na mtengano ni mambo mawili. Kanuni ya 19 ya Seneti, inayomkataza seneta kumhusisha mwenzake na mwenendo usiostahili cheo hicho, ilikazwa mwaka 1902 baada ya Benjamin Tillman na John McLaurin kupigana ngumi ukumbini, na wote wawili walikuwa Wademokrati wa South Carolina. Februari 2017 kanuni hiyohiyo ilitumiwa kumnyamazisha Seneta Elizabeth Warren, Mdemokrati, alipokuwa akisoma barua ya mwanaharakati wa haki za kiraia Coretta Scott King dhidi ya seneta mwenzake Jeff Sessions, Mrepublikani, na uamuzi huo ulipopigiwa kura ulipita kwa 49 dhidi ya 43, Warepublikani wote waliopiga kura wakiwa upande mmoja na Wademokrati wote upande wa pili, kiasi kwamba hata swali la nini ni staha lilijibiwa kwa kambi.